BAWA LA KUSHOTO

Kidole cha Austine Ooko kiko pale pale tulipokiacha wiki jana, chini ya bawa la kushoto la ndege ya marehemu Zedekiah Lusweti.

"Hii ndege iliwahi kuanguka," Austine alikuwa amesema. Alisema bila haraka, kama mtu anayekuambia kamba ya kiatu chako imefunguka.

Nalianya, bintiye marehemu, alimtazama. Kisha akamgeukia mnunuzi, Hibo, mfanyabiashara wa Eastleigh aliyetaka ndege ile ya viti vinne ya kupeleka dawa za mifugo kaskazini. Hibo alivua miwani yake ya jua, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akairudisha usoni. Nalianya akajua kwamba bei imeanza kushuka.

"Haijaanguka," Nalianya alisema. "Baba alinunua hii ndege na kiinua mgongo chake cha reli. Aliiosha kwa mikono yake mwenyewe. Ingekuwa imeanguka ningejua."

"Ungejua vipi?" Austine akauliza.

Swali hilo likamtia Nalianya hasira.

Kama ndiyo kwanza unashika gazeti hili, nikupashe upesi tusichelewe. Zedekiah alikufa mwaka jana akaacha vitu viwili: ndege hii kwenye banda la kukodi, na nyumba kule Chwele iliyokomea kwenye linta, bila paa. Mjane wake, Rasoa, anaishi ghorofa ya sita huko Kware, ambako maji hupanda kwa mgongo wa mtu, na magoti yake yamekataa ngazi. Ndege ikiuzwa vizuri, nyumba ya Chwele itaezekwa na Rasoa atarudi kwao. Ikiuzwa kwa hasara, atazeekea Kware. Nalianya, kifungua mimba, karani kwenye kiwanda cha mikate, ameapa kwamba mama yake hatamaliza mwaka mwingine kwenye ngazi zile. Sasa tuendelee.

"Dada, mimi sina ugomvi na wewe," Hibo alisema. "Lakini bei tuliyoongea ilikuwa ya ndege ambayo haijaguswa. Kama ilianguka, toa theluthi."

"Kwa neno la huyu?"

"Huyu ni mkaguzi wangu. Namlipa aniambie ukweli."

"Ama unamlipa aseme unachotaka kusikia."

Austine alikohoa. Hibo alimnyamazisha kwa mkono, akamsogelea Nalianya karibu sana hata manukato yake yakafika kabla yake.

"Nakupa mpaka Ijumaa," alisema. "Niaminishe kwamba haijaanguka, nalipa bei yote. Wallahi nalipa."

Wakaondoka, Austine mbele, Hibo nyuma. Mlangoni Austine aligeuka akalitazama tena lile bawa. Nalianya aliona wazi kwamba uso ule haukuwa wa mkaguzi aliyegundua jambo. Ulikuwa uso wa mtu anayejuta kwa kufungua mdomo.

Mtu wa kumuuliza alikuwa mmoja tu. Opicho ndiye fundi aliyeitunza ndege ile tangu siku Zedekiah alipoinunua. Nalianya alipompigia simu, mzee alijibu kabla swali halijaisha.

"Haijaanguka, mukhana, mwanangu. Nani amekuletea maneno hayo?"

"Mkaguzi wa Hibo. Anaitwa Austine Ooko."

Opicho akamwomba alirudie jina hilo, Nalianya akalirudia.

"Ooko wa Makadara?" mzee akauliza. "Usibishane na yeye. Niachie mimi."

Akakata. Nalianya akabaki ameishika simu, akijiuliza Opicho amejuaje kwamba Ooko huyo ni wa Makadara, ilhali yeye hakutaja mtaa.

Hapo ndipo akakumbuka jambo alilokuwa amelipuuza. Baada ya mazishi, matanga hayajapoa vizuri, Opicho alimwita kando akamwomba amuuzie ndege. Bei aliyoitaja ilikuwa ya aibu, Nalianya akadhani ni majonzi yanamsemesha. Sasa alianza kuunganisha. Mkaguzi anasema ndege ilianguka. Bei inaporomoka, Hibo anaogopa anaenda zake. Kisha anakuja mzee mpole mwenye kofia mkononi, anainunua kwa bei ya vyuma vikuukuu.

Alishikwa na uchungu, maana mzee yule ndiye aliyeshika kamba ya jeneza la baba yake.

Kesho yake alikwenda nyumbani kwa Opicho, mtaa wa Huruma, bila kupiga hodi ya simu. Mkewe alimpokea kwa tabasamu.

"Mmepishana kidogo tu, keti unywe chai," alisema. "Ameenda Kiamaiko kula nyama na kijana mmoja wa Makadara. Anaitwa nani sijui, Austine?"

Nalianya hakungoja chai.

Machinjio ya Kiamaiko mchana ule yalinuka damu mbichi na mavi ya mbuzi. Aliwapita madalali waliokuwa wakimvuta mkono, akaingia kibanda cha nyama kimoja, akatoka, akaingia cha pili. Huko nyuma, kwenye benchi la pembeni, aliwaona. Sahani ya nyama ilikuwa katikati yao na hakuna aliyeigusa. Opicho alikuwa ameushika mkono wa Austine kwa mikono yake yote miwili, akinong'ona.

"Naona njama inaliwa na kachumbari," Nalianya alisema.

Opicho aliuachia ule mkono kama umemchoma.

"Niaje, Nalianya," Austine alisema. "Keti kwanza, tuongee poa."

"Siketi. Nataka tu kujua mnagawana vipi. Wewe unaangusha bei, huyu ananunua. Halafu? Nusu kwa nusu?"

"Mukhana," Opicho alianza.

"Usiniite hivyo. Umekula kwetu tangu niko darasa la pili. Mama akiwa hana sukari alikuwekea wewe kwanza. Leo unamwibia mjane paa la nyumba."

Watu wa meza ya jirani waliacha kutafuna. Opicho alivua kofia, akaiweka magotini. Macho yake yalikuwa mekundu na Nalianya, kwa hasira aliyokuwa nayo, akaamua ni moshi wa jiko.

"Ningetaka kuiba ndege ya baba yako, ningeiba akiwa hai," mzee alisema. "Funguo za banda nilikuwa nazo mimi."

"Basi mbona uko hapa na huyu?"

Opicho akatazama chini. Austine akashusha pumzi.

"Mzee, mwambie," alisema. "Ama nitamwambia mimi."

"Nyamaza, kijana."

"Anatuita wezi mbele za watu. Mwambie."

Opicho aliikunja kofia, akaikunjua. Alipoinua uso alikuwa ameshindwa.

"Ilianguka," alisema.

Sasa Nalianya akaketi.

Mzee alieleza kwa sauti ya chini. Ilikuwa miaka mingi nyuma, Nalianya akiwa chuoni Eldoret. Ndege ilitua vibaya kwenye uwanja wa nyasi wa shamba la ngano kule Narok, ikaserereka, gurudumu la mbele likakatika na bawa la kushoto likavunjika. Zedekiah aliileta Nairobi usiku, vipande vipande juu ya lori, imefunikwa turubai. Yeye na Opicho wakajifungia bandani, wakatafuta bawa jingine, wakaifanyia kazi mpaka ikasimama. Hawakumwambia mtu. Hawakuandika popote.

"Ile kazi ilikuwa safi," Opicho alisema. "Hilo bawa la kushoto nina imani nalo kuliko la kulia."

"Kama ilikuwa safi, mlificha nini?"

"Bei," mzee alijibu upesi. Upesi mno, Nalianya akaona, lakini akaliweka hilo pembeni. "Ndege iliyoanguka nani anaitaka? Baba yako alisema siku ya kuiuza tutalia."

Austine alitikisa kichwa. "Na hapo ndipo mliharibu, mzee." Aligeuka akaelekeza kidole nje, kwenye zizi. "Nalianya, cheki wale mbuzi. Mtu akikuonyesha kovu, akuambie huyu alivunjika mguu, akatibiwa na huyu hapa, akapona, si utamnunua? Utapunguza bei kidogo, na utalala usingizi. Lakini ukimfikisha nyumbani ukute kovu mwenyewe chini ya manyoya, utaanza kujiuliza kama hata meno ni yake."

"Kwa hivyo ingepoteza kidogo tu?"

"Ikitengenezwa vizuri na kila kitu kiwe wazi, kidogo. Miaka ikipita, hata hiyo kidogo inapungua, watu wanaangalia injini iko aje. Kile kinaua bei ni siri. Hibo hakukata theluthi kwa sababu ya bawa. Amekata kwa sababu hajui ni nini kingine mmemficha."

Nalianya aliyapima maneno yale akayaona yana uzito. Lakini bado kulikuwa na kitu kinamwasha.

"Mzee anasema kazi ilikuwa safi," alisema. "Wewe uliionaje kwa kidole?"

Austine akajikuna shingo. Kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, kijana huyu aliona haya.

"Sikuiona," alisema. "Kidole kilikuwa cha kuonyesha tu mbele ya Hibo. Ningekagua ile ndege mwezi mzima nisipate kitu. Nilijua kabla sijafika."

"Nani alikuambia?"

"Mama yako."

Nalianya alicheka kicheko kibaya. "Mama yangu hakujui."

"Hanijui. Lakini mimi namjua. Mamangu, Aluoch, anasali kanisa moja na yeye, hapo Makadara. Enzi hizo nilikuwa napiga kinanda. Jumapili ya shukrani mama yako alikuja na mbuzi, akapewa maikrofoni. Akasema ndege ya nyumba yake imeanguka Narok, bawa la kushoto limevunjika, na Mungu ametoa mtu mzima bila jeraha. Kanisa lote lilipiga vigelegele. Mimi ndiye nilipiga chorasi."

Hebu vuta picha, msomaji. Wanaume wawili wazima wanasafirisha ndege usiku chini ya turubai. Wanajifungia bandani kama wapika chang'aa. Wanaficha kwa serikali, wanaficha kwa wanunuzi, wanaficha hata kwa binti wa nyumba. Halafu mama mwenye nyumba anafunga kitenge chake kipya, anasimama madhabahuni, anaiambia Makadara nzima kwa kipaza sauti. Ungekuwa wewe ungecheka. Nalianya hakuweza.

"Mimi pia nilikuwa kanisani siku ile, ndiyo maana nilimjua huyu kijana nikamwita," Opicho alisema. "Nilikuwa namwomba asiseme yaliyobaki. Hata kuinunua ndege nilitaka ili isifike mikononi mwa wageni wa kuuliza maswali."

"Yapi yamebaki?"

Nalianya akamgeukia kijana.

"Austine. Yapi?"

"Mama yako alitaja jina," Austine alisema. "La mtu aliyekuwa akiendesha."

"Si alikuwa baba?"

Austine alimtazama Opicho. Opicho alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza kama anaomba.

"Kamuulize mama yako," Austine alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya huruma.

Jua lilikuwa limeanza kulegea Nalianya alipozipanda ngazi za Kware. Ghorofa ya nne alipishana na vibarua wa maji wakishuka na mitungi mitupu. Kila ngazi alikuwa na mtu mpya wa kumshuku. Alipofika ya sita hakuwa amebakiza mtu ila mmoja, na huyo ndiye aliyemfungulia mlango.

Rasoa alikuwa akichambua mrenda. Alirudi kitini, akavuta sinia mapajani.

"Umekuja bila kusema," alisema. "Ungenikuta nimelala."

"Mayi, ndege ya baba ilianguka?"

Vidole vya Rasoa vilisimama, kisha vikaendelea. "Nani amekuambia?"

"Wewe mwenyewe. Uliambia kanisa zima."

"Nilimwambia Mungu."

"Na maikrofoni?"

"Nilikuwa nimeweka nadhiri," Rasoa alisema, bila kuinua macho. "Simu ilipokuja nilipiga magoti hapo sakafuni, nikasema, Mungu, akitoka mzima nitalisema jina lako mbele za watu. Akatoka mzima. Ningenyamaza, Mungu angenionaje? Baba yako alininunia mpaka mahindi yakavunwa. Lakini nadhiri ni nadhiri."

"Akitoka mzima nani?"

Rasoa alitenga jani bovu, akalitupa kando. Alitenga jingine ambalo halikuwa bovu, akalitupa pia.

"Simiyu," alisema.

Nalianya alihisi chumba kimekuwa kidogo. Simiyu ni mdogo wake, mwanamume pekee wa nyumba ile. Ni rubani anayepeleka watalii mbugani, na picha yake, amevaa sare nyeupe, ilikuwa ukutani juu ya kichwa cha mama yake. Kumbe, Rasoa alieleza, kijana huyu alipokuwa bado mwanafunzi wa urubani, hana leseni mfukoni, aliichukua ndege ya baba yake siku moja bila ruhusa, akaipeleka Narok kuwaringia wenzake.

"Kwa hivyo hakikuwa kisa cha bei," Nalianya alisema polepole. "Bei ilikuwa kisingizio. Baba alimficha Simiyu."

"Wangejua, asingeruka tena maisha yake yote. Na hata leo wakijua, wataivua ile sare."

"Simiyu anajua Hibo amekata theluthi kwa ajili yake?"

"Anajua."

"Na amenyamaza."

"Mimi ndiye nilimwambia anyamaze."

Nalianya alisimama akaenda dirishani. Huko nje kulikuwa na ukuta wa jengo jingine, karibu kiasi cha kuugusa. Alikuwa na wivu, na hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Miaka yote hii yeye ndiye anayebeba unga na mafuta kwenye ngazi hizi. Simiyu hajanunua hata bati moja la Chwele, lakini picha iliyo ukutani ni yake.

Alipogeuka alikuwa ameamua.

"Sikiliza, mayi. Nitamwambia Hibo kila kitu. Mzee Opicho aje aeleze alivyoitengeneza, alikolitoa lile bawa, wafungue waone. Austine anasema ikiwa wazi bei inashuka kidogo tu. Paa lako litabaki. Utaenda Chwele."

"Na Simiyu?"

"Simiyu ni mtu mzima."

"Nimekuuliza, na Simiyu?"

Kabla Nalianya hajajibu, simu yake ikalia. Alikuwa Hibo.

"Dada, nimebadilisha mawazo," Hibo alisema. Alikuwa mchangamfu, kama mtu aliyemaliza kula. "Nalipa bei yote. Ile ya kwanza, sikati kitu."

Mtu mwingine angeshukuru. Lakini Nalianya alikuwa amefundishwa adabu na wiki hii moja, akauliza kwanza.

"Austine ameongea na wewe?"

"Amekuwa hapa sasa hivi. Hakutaka kusema, lakini mimi naye tumetoka mbali. Amesema yote."

"Yote?"

"Hata jina."

Sinia ilikuwa imetulia mapajani mwa Rasoa. Ingawa hakusikia upande wa pili wa simu, alikuwa akiusoma uso wa bintiye neno kwa neno.

"Sharti langu ni moja," Hibo aliendelea. "Kesho asubuhi njoo kwa wakili wangu, Makadara. Utashika Biblia yako, uape kwamba hiyo ndege haijawahi kuanguka. Ukishaapa, pesa ni zako."

"Lakini unajua ilianguka."

"Najua."

"Sasa kwa nini unataka niape uongo?"

"Kesho, dada. Saa tatu," Hibo alisema, akakata.

Nalianya aliitazama simu. Mnunuzi aliyetaka kupunguziwa theluthi juzi, leo analipa bei nzima ili aambiwe uongo anaoujua. Mtu kama huyo hanunui ndege. Ananunua ulimi wa Nalianya, au ananunua rubani mwenye sare nyeupe, na atakaposhika kiapo kile mkononi atakuwa na wote wawili.

Alimweleza mama yake yote, hakuacha neno. Alieleza na hofu yake pia: akiapa, Hibo atamshika shingo siku yoyote atakayotaka, na korti iko pale pale Makadara. Alieleza akingoja. Alikuwa na hakika ya kitu kimoja duniani, kwamba mwanamke aliyeshindwa kumnyima Mungu mbuzi mmoja hawezi kumtuma bintiye akashike Biblia adanganye.

Rasoa aliweka sinia chini. Aliinuka kwa shida, akishika meza, magoti yakilia. Alimpangusa bintiye vumbi la Kiamaiko begani, taratibu, kwa mkono ule ule aliomlelea.

"Nenda ukaape, mukhana," alisema.

Rasoa aliinua macho akaiangalia picha ya Simiyu ukutani, akaenda jikoni kubandika mrenda.